Yamini ya Anayekana

Mtu akisingiziwa wizi wa mbuzi huku Msambweni, utetezi wake huweza kuisha kwa maneno mawili: "Someni halbadiri!" Hufukizwa ubani, yakasomwa majina ya masahaba waliopigana Badri mwaka 624, na mwizi akaachiwa Mungu. Mshtakiwa hajatoa hoja hata moja, ila amewarudishia mzigo waliomtuhumu. Na husemwa kwamba mara nyingine mbuzi hujirudia usiku, kisomo hakijaanza.

Kisomo hicho kina wapinzani. Wako mashekhe wanaokiita uzushi usio na msingi katika mafundisho ya Mtume. Lakini kabla ya kisomo hicho Wamijikenda walikuwa na viapo vyao, cha shoka la moto na cha papai. Kote huko msikilizaji mkuu alikuwa yule anayeijua kweli tayari. Ufasaha ungemsaidia nani?

Sheria ya Kiislamu imeliweka jambo hili kwa utulivu zaidi: anayedai alete ushahidi, anayekana ale yamini. Mwenye kigugumizi na msemaji hodari wako sawa hapo.

Ufasaha una uwanja wake katika hotuba, ambazo Aristotle alizigawa mafungu matatu: ya mahakamani, inayochunguza yaliyopita, ya mashauri, kuhusu yajayo, na ya sifa au lawama. Mipaka hiyo haikukaa. Mwaka 399 KK Socrates alisimama kujibu mashtaka, akakataa kuwaleta watoto wake walie mbele ya waamuzi, akahukumiwa kifo. Kapenguria, Aprili 1953, mshtakiwa Jomo Kenyatta alimwambia hakimu Thacker kwamba yeye na wenzake hawakubali kuwa na hatia, ilhali wasikilizaji wake hasa walikuwa nje ya ukumbi ule. Utetezi ulikuwa umeshageuka siasa.

Oktoba 2024 mafungu yote matatu yalichanganyika. Jumapili tarehe 6, aliyekuwa Naibu wa Rais wa Kenya, Rigathi Gachagua, aliomba msamaha katika ibada. Tarehe 8 akasimama bungeni kujitetea dhidi ya hoja ya kumwondoa madarakani. Alipotuhumiwa kujilimbikizia mali ya shilingi bilioni 5.2, alieleza kwamba sehemu yake ilitokana na marehemu kaka yake. Hapo alikuwa mahakamani, mkutanoni na matangani kwa wakati mmoja. Wabunge 281 waliunga mkono aondolewe.

Urefu wa maelezo si tatizo. Tatizo ni kwamba hotuba ya hadharani humtwisha anayekana kazi ya anayedai: asipopendeza, ameshindwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinamruhusu mshtakiwa kunyamaza mahakamani, ila bungeni kimya kina bei. Tarehe 17, zamu yake ilipofika katika Seneti, Gachagua alikuwa amelazwa hospitalini. Mawakili wake waliomba kikao kiahirishwe, maseneta wakakataa, na usiku huo wakamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11.