Muulize Anakula Wapi

Mwanangu, nasikia umeanza kupokea mshahara, na watu wameshaanza kukutafuta wakusaidie kuupangia matumizi. Binti wa shemeji yangu anauza bima ya maisha. Afisa wa benki yako anakupigia simu mpaka Jumamosi. Halafu kuna yule kijana mliyekutana harusini, ambaye kadi yake imeandikwa mshauri huru wa fedha. Sisemi ni waongo. Najua una haraka, ila kaa kidogo.

Nilipokuwa mwalimu kijana, wakala wa bima alikuja shuleni saa ya chai. Mpole, anatujua kwa majina. Fomu aliijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, mimi nikatia sahihi tu. Mwezi uliofuata hati yangu ya mshahara ikaja na mstari mpya wa makato. Ilikuwa bima ya elimu, kwa ajili yako, na wewe hata hujazaliwa. Baadaye mambo yakabana, nikaenda kuisimamisha. Dirishani nikaambiwa mkataba haujafikisha muda, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa. Na kweli ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa nyuma, ambao sikuufunua.

Nilimchukia yule bwana miaka mingi. Siku hizi simchukii. Kwenye bima za maisha kamisheni nene hutoka mwanzoni, kwenye michango ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kunifanya nianze. Kumaliza ilikuwa shauri yangu. Alikuwa muuzaji, akauza. Mimi ndiye niliyemfanya mshauri.

Kwa hiyo ukiambiwa mtu ni huru, usimwangalie usoni ukatafuta wema. Wema wapo tele wanaokula kamisheni. Angalia hela yake ya kula inatoka wapi. Muulize hivi, kwa upole: nisiponunua chochote leo, wewe utapata nini? Mshauri huru ana jibu fupi, kwa sababu wewe ndiye unayemlipa, ununue usinunue. Mwingine ataanza kukueleza historia ya kampuni.

Maneno nayo yatakuchanganya. Wakala wa bima anasimama upande wa kampuni, hilo liko wazi. Dalali wa bima anatakiwa asimame upande wako, alinganishe kampuni hii na ile. Ni bora kidogo. Lakini naye kamisheni yake hutoka kwa kampuni utakayoichagua. Afisa wa benki ana malengo ya mwezi, na siku hizi benki nazo zinauza bima, kwa hiyo mkopo, akaunti na bima vinaweza kukufikia vyote kupitia mdomo mmoja.

Leseni ikague, tafadhali. Hapa Tanzania wa bima anatambuliwa na TIRA, mamlaka ya bima, na wa mitaji na dhamana anatambuliwa na CMSA, mamlaka ya masoko hayo. Asiye na leseni muage palepale. Ila leseni inakuambia mtu ameruhusiwa kufanya kazi hiyo. Haikuambii anamfanyia nani. Wenzetu Uingereza waliliona hili, na tangu mwisho wa 2012 mshauri wa uwekezaji haruhusiwi kupokea kamisheni kwa ushauri mpya anaompa mteja. Asiyeangalia soko kwa upana haruhusiwi kujiita huru. Australia nako sheria inamzuia anayekula kamisheni kulitumia neno hilo. Wewe usingoje sheria, swali lako linatosha.

Tena sikiliza kile wasichokitaja. Hatifungani za serikali zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, na kiwango cha chini ni shilingi milioni 1. Lini umeona mtu akikufuata mpaka kazini kukushawishi ununue? Hakuna kamisheni ya maana ya kumtoa nyumbani. Sisemi ukanunue. Nasema ukimya wa muuzaji nao una habari.

Sasa nije kwenye linalonitia wasiwasi zaidi, maana nakujua, una aibu. Kwetu kumuuliza mtu analipwa na nani ni kama kumpekua mfukoni. Na wanaokuja si wageni. Ni mtoto wa shangazi, mwenzio wa kwaya, mtu aliyeshika jeneza la babu yako. DECI, ule mchezo wa upatu, ilipoanguka mwaka 2009, watu niliowajua mimi hawakuwa wameingizwa na matapeli wa mjini. Waliitwa na ndugu zao na waumini wenzao, watu ambao nao walikuwa wameweka hela yao humo. Waliona haya kuuliza. Huyo binti wa shemeji akija, mkaribishe. Mpe chai, mpe na nauli ya kurudi, hata zaidi ya nauli. Sahihi usimpe siku hiyo. Mwambie baba amesema karatasi zilale kwanza nyumbani. Nitupie mimi lawama, nimeshazoea.

Mshauri huru utampata wapi basi? Si wengi, usijidanganye. Mimi wangu alikuwa mhasibu mstaafu, jirani wa jirani. Alinitajia bei kabla sijaketi, nikaona ghali, nikakaribia kuondoka. Mtu anilipishe kwa kuongea tu? Akaniomba hati ya mshahara na karatasi za mkopo wa SACCOS. Akachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, huku kinachoingia, huku kinachotoka. Akapiga hesabu kimya. Kisha akaniambia nisiwekeze popote mwaka ule, nimalize mkopo kwanza, niweke akiba ya miezi michache ya kula. Hakuniuzia kitu. Nilimlipa nikiwa nimenuna, na makato ya ule mkopo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kunisumbua kwenye hati yangu.

Hela ya ushauri mpe yeye, na akuandikie risiti. Hela ya kuwekeza isipite kwenye simu yake wala akaunti yake, hata akisema ni kwa kurahisisha tu. Iende moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina la taasisi, na uwekezaji uandikwe kwa jina lako wewe. Na ukienda, beba hati za mikopo yote, ukijumlisha ule wa simu unaonificha. Asipokuuliza habari zake, tafuta mwingine.