Msafiri akisema chakula kinamdhuru, asikilizwe



Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha watu waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha usiku akaota akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema kuwa wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui.

Kisa hiki nilikisoma zamani. Nilikielewa Pangani.

Tulikwenda huko kwenye harusi, nikiwa na mtoto wa dada yangu mwenye mzio wa karanga, au aleji kama wengi tunavyoita. Si kudeka wala kuchagua chakula. Ni mwili kukifanya chakula cha kawaida kuwa adui. Mtoto akasukuma sahani ya mchicha. Mama mwenye nyumba, kwa mapenzi kabisa, akamwambia: "Sema Bismillah mwanangu, ule. Cha halali hakimdhuru mtu." Mimi nilijua, lakini nikaona haya mbele ya wenyeji. Nikanyamaza.

Mchicha ule ulikuwa umeungwa kwa karanga. Hazikupita dakika nyingi midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, sauti ikakauka. Alhamdulillah, zahanati ilikuwa karibu na adrenalini ilikuwepo, akadungwa sindano ya paja.

Sasa nauliza: angekufa, nani angekuwa amemuua? Yule mama hakujua. Mimi nilijua.

Bismillah ni ibada, haigeuzi karanga kuwa maharage. Na kukataa chakula si utovu wa adabu. Mtume (S.A.W.) aliwekewa nyama ya dhabb akazuia mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa si haramu, ila haipatikani katika ardhi ya watu wake. Khalid akala, Mtume akimtazama, na hakuna aliyekasirika. Basi kama huyo hakulazimishwa kwa kutokizoea tu, vipi anayeweza kufa kwacho?

Mwenye mzio asafiri na dawa yake, na aiweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Vidonge vya kuzuia kuwashwa havifungui koo linaloziba. Kinachotakiwa ni sindano ya adrenalini, kisha hospitali hata akipata nafuu, kwani hali huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Mwenzake wa kiti cha jirani aambiwe mapema. Kashata za dirishani aziache, na kwenye mkahawa aulize hata mafuta yamekaangia nini. Kijiko kilichotoka kwenye sufuria ya karanga kinatosha kuleta balaa.

Wanaokwenda Hijja waangalie zaidi, maana chakula cha Mina huja kimefungwa na maandishi yake ni ya Kiarabu. Karanga huitwa ful sudani. Ful peke yake ni maharage yale ya asubuhi, watu huchanganya. Ufuta ni simsim, nao umo ndani ya tahina na hummus. Aandikiwe karatasi ya Kiarabu na anayeijua lugha, aionyeshe kabla ya kula. Na viongozi wa misafara wawaulize mahujaji wao habari hii kabla ya kuondoka, kama wanavyouliza sukari na presha.

Mwaka uliofuata tulirudi Pangani. Yule mama alitupokea mlangoni, na salamu hazijesha akaniuliza: "Shehe, huyu mtoto ni karanga peke yake, au na korosho?"