Neno "Lazima" Msibani

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Miili ilikuwa haijatolewa yote, na tayari baadhi yetu tulikuwa na maelezo. Siku chache baadaye, chini ya turubai la msiba, muumini mwenzetu alisema kwa sauti ya chini: "Lazima kulikuwa na jambo. Mungu haadhibu bure." Mama wa marehemu, ameketi mkekani, akamwuliza, "Baba, jambo gani?" Hakujibiwa. Nami, nakiri, dakika moja kabla nilikuwa nimeitikia kwa kichwa.

Swali la mama yule nimelikuta tena nilipokuwa nikisoma mambo ya mantiki. Mwaka 2004 Mpolandi Andrzej Wiśniewski alichapisha njia ya kuthibitisha hoja kwa kuuliza tu, akaiita kwa jina la Socrates, mzee wa Athene aliyefundisha kwa maswali. Mwenzake, Dorota Leszczyńska, akaitumia kwenye mantiki ya maneno mawili tunayoyatumia ovyo kanisani: "lazima" na "yamkini".

Unaanza na swali moja kubwa: je, hili linafuata kutokana na lile? Unalivunja kuwa madogo, kama noti inavyovunjwa dukani, thamani isipotee. Hoja inasimama pale tu ambapo kila swali lililobaki haliwezi kujibiwa ila ndiyo, kwa mfano linapouliza kama neno lililokwisha kukubaliwa linafuata kutokana na lenyewe.

Ugumu uko kwenye "lazima". Anayesema "lazima iwe hivi" anasema ni hivyo katika kila hali inayowezekana, si katika hii tuliyoiona tu. Kwa hiyo swali likifika kwenye neno hilo, unahamishiwa hali nyingine, ngeni kabisa, na mizigo yako inakaguliwa mpakani. Yale yaliyotokea tu yanabaki nyuma. Yanayovuka nawe ni yale uliyoyakubali tangu mwanzo kuwa ni lazima.

Tumpeleke ndugu yetu mpakani. Ana nini mkononi? Jengo limeanguka, watu wamekufa. Hayo ni matukio, yanabaki. Je, ni lazima kila anayeangukiwa na jengo awe mwovu kuliko aliyenusurika? Nani alimpa hilo? Yesu aliulizia wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4), akakana mwenyewe kwamba walizidi wengine kwa hatia, kisha akawageuzia wasikilizaji wake habari ya toba yao wenyewe.

Tena, kuivunja "lazima" kunatosha mfano mmojawapo wa kinyume. Tarehe 29 Machi 2013 jengo jingine liliporomoka katikati ya jiji letu, likaua watu 36. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Siku hiyo pia nilisikia "lazima walikuwa na jambo", kutoka kwa watu waliokuwa njiani kwenda kukumbuka mateso ya Mtu asiye na kosa lolote. Mfano wenyewe tulikuwa tumeuvaa shingoni.

Mtu atasema nawanyang'anya watu imani, kwamba bila "lazima" hatuna la kushika. Sidhani. Someni Danieli 3:17-18. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, wakaongeza kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Walisema "aweza", na kwa neno hilo wakaingia motoni. "Lazima atuokoe" hawakuisema, ingawa moto ulikuwa karibu kuliko unavyowahi kuwa karibu na wengi wetu tunaoitamka kila Jumapili juu ya wagonjwa.

Arobaini ilipofika nilirudi kwa yule mama. Nilimwambia, "Mama, siku ile uliuliza jambo gani. Hapakuwa na jambo tunalolijua." Alinitazama kitambo. "Nilijua hamlijui," akasema. "Nilitaka mseme."