Fedha ya nani inanuka?



Nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi nafanya kazi kwenye kiduka cha kutoa kopi. Siku moja mama mmoja alikuwa mbele kabisa, ameshika cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, anataka kopi mbili tu. Akaingia mheshimiwa mmoja, suti safi, funguo za gari mkononi. Nikapokea karatasi zake kwanza. Na wala hakuniomba! Ni mimi niliyenyoosha mkono nikampita yule mama. Mama hakusema kitu, akasogea pembeni. Kule kusogea kwake ndiko kunanisumbua mpaka leo.

Nilimkumbuka juzi niliposoma habari za mhunzi wa zamani wa Florence, Italia, aitwaye Niccolò Grosso. Ndiye aliyetengeneza taa za chuma za Palazzo Strozzi, jumba la matajiri lililoanza kujengwa mwaka 1489. Tafuta picha zake uone. Taa imekaa kwenye kona ya ukuta kama kijumba: ina nguzo ndogondogo, kila nguzo na kichwa chake, na juu imetoka miiba mirefu ya chuma. Vyote hivyo kwa makaa, mivukuto na nyundo. Chuma kikipoa hakitii tena, inabidi kirudi motoni, kipigwe, kirudi tena. Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya mafundi wa Italia katika kitabu kilichotoka mwaka 1550, alizisifu sana taa hizo. Na ndiye anayetusimulia tabia za huyu mzee.

Kwanza, hakukopesha. Bila arbuni, yaani kianzio, hagusi nyundo. Ndiyo maana Lorenzo de' Medici, bwana mkubwa wa mji ule, alimbandika jina la Caparra, maana yake arbuni. Mlangoni pake alitundika kibao chenye picha ya vitabu vinavyoungua. Mtu akiomba mkopo anaambiwa: samahani, daftari la madeni linaungua, siwezi kukuandika. Utasema hana huruma. Mimi sioni hivyo; fundi anayedai haki ya jasho lake simlaumu, hasa akidai kwa wote.

Sasa sikia hii. Lorenzo alitaka vitu vya chuma vya kupeleka nje kama zawadi, akaenda mwenyewe hadi kwenye karakana. Akamkuta Caparra anafanya kazi ya watu maskini waliokuwa wameshatoa kianzio. Lorenzo akaomba kazi yake ianze. Caparra akakataa. Wale walitangulia kufika, na fedha yao kwake ilikuwa na thamani ileile ya fedha ya Lorenzo.

Jamani! Huyo ni mtu ambaye mji mzima ulimwinamia. Mtume Yakobo, sura ya pili, anawakaripia waamini wanaompa mwenye pete ya dhahabu kiti kizuri na kumwacha maskini amesimama. Caparra alilitenda fundisho hilo mbele ya moto, nyundo mkononi. Nilijisikia aibu, halafu nikampenda sana. Nikaanza hata kupanga jinsi nitakavyomsifu hapa.

Lakini Vasari anaendelea. Anasema Caparra hakukubali kamwe kuwafanyia kazi Wayahudi. Alikuwa akisema fedha yao imeoza, inanuka.

Nilirudia kusoma. Ni mtu yuleyule na fuawe ileile. Aliyepima fedha ya mtawala na ya maskini kwa mizani moja, mizani hiyo ilimshinda kwa jirani mmoja. Sidhani hata alijisikia mwenye dhambi, kwa sababu katika mji wake hilo lilionekana la kawaida, na huenda wateja walicheka. Fikiria sasa Yosefu wa Nazareti, fundi mwenzake, Myahudi, anaingia pale na kianzio chake mkononi. Angegeuziwa mlangoni.

Baada ya yule mama nilijirekebisha kweli. Kwangu sasa foleni ni foleni, aje nani. Nilidhani nimemaliza. Ila kuna kijana anayeokota chupa za plastiki, huja mara mojamoja kutoa kopi ya fomu fulani. Wateja wengine napokea hela zao kiganjani. Yeye humwambia, "Weka hapo juu ya meza," kisha sarafu zake nazisukuma kwa karatasi hadi kwenye droo.

Sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka nilipofika kwenye mstari ule wa Vasari. Nikaweka simu chini. Kwenye droo sarafu zilikuwa zimechanganyika zote, na sikuweza kusema zake ni zipi.