Matairi ya Theluji, Mvua ya Likasi

Likasi haijui theluji. Mji wetu huu wa Kongo uko kwenye mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ya kutoa blanketi sandukuni, lakini jua likishachomoza lami inapata moto wake. Misimu yetu ni miwili: kiangazi kinachoanza Mei, na mvua inayobisha hodi Oktoba na kukaa hadi Machi au Aprili. Hata hivyo, kila mwaka mvua inapokaribia, matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya theluji ya Ujerumani na ya Hokkaido, Japani, hupangwa kando ya barabara zetu, yamepakwa dawa nyeusi yakang'aa, na watu wenye akili timamu huyanunua kwa furaha. Nisimulie habari ya mmoja wao. Jina lake halina kazi hapa, kwa kuwa wa aina yake ni wengi.

Alikuwa mwalimu, mkazi wa mtaa wa Kikula hapa Likasi, mwenye Corolla ya mwaka 1998 iliyoingia nchini na usukani wake upande wa kulia. Siku za juma aliitumia kwenda shuleni. Jumamosi alibeba abiria wanne hadi Lubumbashi na kurudi, kilomita kama 120 kila upande, maana mshahara wa chaki sote tunaujua. Oktoba moja akainama, akaona matairi yote manne yamekuwa vipara. Dukani kulikuwa na mapya kutoka China, lakini pesa aliyokuwa nayo ilitosha tairi moja na nusu, na hakuna anayeuza nusu tairi. Kwa kijana wa matairi yaliyotumika, pesa hiyo ilinunua mawili na ikabaki ya mfuko wa mkaa.

"Papa, hii ni ya Bulaya, haiko ya Chine," kijana alimwambia, yaani ya Ulaya. "Angalia meno yake!"

Mwalimu akaingiza kidole katikati ya meno. Kilizama. Akalipa.

Sasa, meno hayo yalikuwa marefu kwa sababu gani? Hapo ndipo penye somo lote, na wanunuzi wengi hawafiki hapo. Tairi la theluji huzaliwa na meno marefu kuliko tairi la kawaida, na kila jino lina mikato myembamba mingi ya kuing'ata theluji. Likichakaa nusu, huko lilikotoka halina kazi tena ya baridi. Austria, kwa mfano, sheria hailihesabu kuwa tairi la theluji likibaki na chini ya milimita 4 za meno. Japani, matairi ya namna hiyo yana alama ndani ya mifereji inayojitokeza yanapofika nusu ya uchakavu, kumwonyesha mwenye gari kwamba msimu ujao atafute mengine. Kwa hiyo yanatupwa yakiwa bado yana meno ambayo macho ya Likasi, yaliyozoea vipara, yanayaona kama mapya. Mtu haleti Afrika tairi zuri kwa huruma. Analeta lililokataliwa kwao, na sababu ya kukataliwa haifutiki baharini.

Tena mpira wake ni laini. Watengenezaji wanaulainisha makusudi ili usigande kipimajoto kinaposhuka chini ya nyuzi 7. Ukiutembeza juu ya lami ya Oktoba, mwezi wetu wa joto kali kuliko yote, meno yanayumbayumba, yanalika upesi, na gari linachukua mita nyingi zaidi kusimama, lami ikiwa kavu au imelowa. Kulitambua tairi hilo si kazi. Ubavuni pana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji katikati, au neno STUDLESS kwa yale ya Japani. Herufi M+S peke yake haitoshi kukupa uhakika, kwani inaandikwa pia kwenye matairi ya misimu yote na ya magari ya porini. Na yale yanayoitwa ya misimu yote huko Ulaya yamepimwa kwa misimu yao, ambayo mmoja wake una theluji. Kwetu tairi la kawaida la kiangazi, lenye mifereji mizima ya kutoa maji, linatosha mwaka mzima.

Mwalimu alikuwa na macho ya kusoma kitu kingine pia, hakukisoma. Baada ya herufi DOT, ubavu mmoja una tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za juma, mbili za mwaka. Ya kwake yalisema 3807, yaani juma la 38 la mwaka 2007. Michelin wanashauri tairi lililopita miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza kumi tangu litengenezwe liondolewe, hata kama meno yapo. Mpira unazeeka hata ukikaa kivulini. Unakauka, unapasuka vijistari kwenye mashina ya meno. Dawa nyeusi ya muuzaji kazi yake ni kuziba vijistari hivyo. Kunja tairi kwa nguvu za mikono, utaviona vikifunguka.

Mwalimu akaenda na matairi yake kwa fundi wa kwado, yaani mziba pancha, akaulizwa: mbele au nyuma? Bila kusita akasema mbele, kwa kuwa injini iko mbele na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Vipara viwili vikarudi nyuma. Nimewasikia madereva wa miaka thelathini wakisema hivyohivyo, na wamekosea wote. Mkia ukikosa mshiko, usukani hauna la kufanya.

Majuma machache yakapita. Meno marefu yakawa yameshalika pembeni. Jumamosi moja ya Novemba alikuwa anarudi kutoka Lubumbashi na abiria wanne, debe la mafuta ya mawese na mizigo ya samaki wakavu. Alishalivuka daraja la Lufira mvua ilipomwagika. Barabara hiyo ndiyo inayopitisha malori ya shaba na kobalti kutoka Kolwezi kwenda Kasumbalesa, na uzito wao umechimba mifuo miwili ndani ya lami. Mvua ikinyesha mifuo inakuwa mitaro. Lori mbele likawasha taa nyekundu. Mwalimu akakanyaga breki. Tairi la Bulaya likachelewa kushika. Vipara vya nyuma, ambavyo havikuwa na mfereji wa kupitishia maji, vikapanda juu yake na kuelea. Mkia ukatangulia, na gari likaingia kwa ubavu kwenye mtaro wa kando ya barabara.

Hakufa mtu. Mama mmoja muuza samaki alivunjika mfupa wa bega, mawese yakamwagika juu ya kila kitu, na mwalimu akalipa hospitali, mzigo wa mama na kazi ya bati. Jumla ilizidi bei ya matairi manne mapya. Aliporudi kwa kijana kulalamika, akajibiwa kwa heshima: "Papa, sikukudanganya. Si ni ya Bulaya kweli?"

Wapo watakaonibishia juu ya China, lakini kwa gari kuukuu na mfuko mwepesi, tairi jipya la bei ndogo, la kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva na lenye namba ya uzito isiyopungua ile ya kiwandani, linashinda tairi la jina kubwa lenye umri wa mwanafunzi wa sekondari. Ikibidi ununue lililotumika, soma tarakimu nne kwanza, tafuta nyota ya theluji, kisha chomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji: kichwa kisipozama chote, liache. Vijiti vidogo vya mpira vilivyomo ndani ya mfereji vinaonyesha milimita 1.6, lakini kwa mvua yetu kungoja hadi hapo ni kuchelewa.

Mwezi wa Februari mwalimu alipata pesa ya mawili mapya. Fundi wa kwado alikuwa ameshaanza kufungua ya mbele. Mwalimu akamwambia mapya ayafunge nyuma. Wakabishana, fundi akiapa kwamba hajawahi kuona mtu akifanya hivyo. Yakafungwa nyuma, na ya mbele yakaongezwa upepo yangali baridi, mpaka kiwango cha kwenye kibandiko.