Usiseme Yamesafishwa Ukaishia Hapo

Kaa, mjukuu wangu. Sikukuita nikugombeze; nguvu za kugombeza zimeniishia. Jana watu walipokupongeza kwa kupata kazi ya maabara, ulisema maji ya majukwaa ya gesi hayana neno, husafishwa kabla ya kumwagwa. Wakapiga makofi. Nilinyamaza, kwa kuwa sikutaka kukusahihisha mbele za watu.

Kusafishwa yanasafishwa, sikatai. Gesi haipandi peke yake, hupanda na maji yaliyolala chini ya miamba tangu zama za zama. Jukwaani hutenganishwa, mafuta yakaenguliwa, yanayobaki yakarudi baharini. Nchi za Bahari ya Kaskazini zimeweka kikomo tangu 2007: mafuta yasizidi wastani wa miligramu 30 kwa lita. Italia, yenye majukwaa ya gesi Adriatiki, imeweka 40. Sasa nisikilize hapa, hata kama umechoka. Kinachohesabiwa ni mafuta tu. Lakini kuna benzini iliyokwisha kuyeyuka, na maji ya gesi huwa nayo kwa wingi. Kuna glaikoli na methanoli, zinazotiwa ili gesi yenye unyevu isigande ikaziba bomba. Ndiyo maana maji ya gesi, japo ni machache kuliko ya visima vya mafuta, lita kwa lita huwa makali zaidi.

Nimekuwa bwana samaki miaka mingi kwenye pwani hii. Samaki mkubwa akikerwa na maji huhama. Yai haliwezi. Chaza humwaga mayai yakaelea, na mtoto wake ana kama siku moja tu ya kujitengenezea gamba. Wataalamu wanalijua hilo: huyatia mayai ya chaza katika maji yale, kwa viwango mbalimbali vya kuzimuliwa, kesho yake wakahesabu watoto wangapi wameumbika na wangapi wamepinda. Wanorwei huning'iniza kome vizimbani karibu na majukwaa, na wamekuta hidrokaboni miilini mwao. Hayo ndiyo majibu ninayoyaamini, kwa sababu ameyatoa kiumbe mwenyewe.

Usitoke hapa ukawatisha watu kwamba bahari imekufa. Bahari ya wazi huyazimua maji hayo upesi, na ukienda mbali na jukwaa madhara ni shida kuyaona. Mimi naogopa mahali padogo, penye kina kifupi, panapopokea kila siku kwa miaka ishirini. Na kwetu vitu vimekaribiana. Ghuba ya Mnazi gesi iligunduliwa 1982. Mwaka 2000 eneo hilo likatangazwa hifadhi ya bahari, kwa ajili ya matumbawe na mikoko yake. Ile gesi ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, iliyoanza kuonekana 2010, bado imelala chini.

Maana yake muda upo, mwanangu, na ndio unaoniuma, kwa sababu nimeona muda ukipotea mara nyingi. Siku ya kwanza kazini usiulize mshahara wa mwezi wa pili. Uliza kama kuna aliyepima chaza wa hapa kabla ya tone la kwanza kumwagwa. Wakisema hakuna, anza wewe.

Bamvua ni Jumamosi. Bibi yako atashuka mwambani alfajiri. Mfuate na ndoo, akuchagulie chaza walio hai.