Kumkumbuka Nisiyemjua

Mtu wetu akisafiri tunampigia simu kumwambia, "Nimekukumbuka." Hatumaanishi kwamba tulikuwa tumemsahau. Tunamaanisha kuwa nafasi yake inauma. Kiswahili kimeiweka kumbukumbu na hamu ndani ya kitenzi kimoja, kana kwamba pengo la usiyemjua haliwezi kukuuma.

Mimi linaniuma. Mama mzazi aliondoka nyumbani kwa baba, Tanga, nikiwa sijatimiza mwaka na nusu, na sura yake sina kichwani. Nimelelewa na bibi, kisha na mama mdogo, mke wa baba mdogo, ambaye mpaka leo namwita mama bila kujilazimisha. Sikukosa chakula wala mkono wa kunipapasa nikiwa na homa. Kwa hiyo hamu hii si njaa ya malezi. Ni ya nini basi?

Katika maandishi ya mwanafalsafa Plato, mtu aitwaye Meno anamkaba Sokrates kwa swali: utakitafutaje kitu usichokijua kabisa, na hata ukikikuta utajuaje kuwa ndicho? Sokrates anajibu kwamba kujifunza ni kukumbuka. Roho ilikwishajua kabla ya kuzaliwa. Kwa muda mrefu niliona anakwepa swali. Halafu nikasoma juu ya utafiti wa DeCasper na Fifer, uliochapishwa Marekani mwaka 1980. Vichanga ambao hawajatimiza siku tatu walibadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Inaelekea walikuwa wameizoea tangu tumboni. Basi kitenzi chetu hakikukosea. Namkumbuka, ila kumbukumbu yenyewe imekaa mahali ambapo akili yangu haifiki.

Tena yapo mambo yangu ambayo shahidi wake ni mmoja tu. Hakuna anayekumbuka kuzaliwa kwake, sote tumesimuliwa. Kadi yangu ya kliniki inaonyesha uzito wangu, lakini haisemi kama aliyenibeba alikuwa na furaha au hofu, wala aliniitaje kabla sijapewa jina. Mwanzo wangu anao yeye, na mimi naishi kuanzia katikati.

Nilikua nikiambiwa, "Mama yako alikuacha." Nilikuwa mtu mzima nilipomsikia shangazi akitaja, bila kukusudia, kwamba mama *aliachwa*. Aliachwa yeye kwanza, ndipo nikaachwa mimi, lakini katika masimulizi ya nyumbani kwetu mwenye kuacha alibaki yeye peke yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shauri letu halikufika mahakamani. Wazee wa upande wa baba walikaa, wakazungumza, na mtoto akabaki.

Sisemi hana lawama. Miaka thelathini ni mingi, na mabasi ya Tanga yapo kila siku. Nitataka kumwuliza hilo, na naogopa jibu lake. Naogopa pia kwamba ninayemkumbuka na nitakayemkuta ni watu wawili: huyu wa sasa ana wanawe wengine, ana magoti yanayomuuma, ana maisha yaliyojaa bila mimi. Lakini kuendelea kumpenda yule wa kufikirika na kumkwepa huyu aliye hai ingekuwa ni kumwacha mara ya pili.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipa namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. "Mpigie, mwanangu," akasema. "Kwangu hakitapungua kitu."

Nilipiga usiku. Simu ikaita sana, kisha akapokea, akauliza kama anavyomwuliza yeyote mwenye namba ngeni: "Haloo, nani mwenzangu?"

Nilikuwa nimeandaa jina langu, na jina la baba. Nikanyamaza, naisikiliza sauti. Naye hakukata.